Spartan-III Wametoka Ukambani

Nyuma ya soko la Kalundu, mjini Kitui, kulikuwa na kibanda cha gemu chenye televisheni tatu. Mbili zilikuwa za FIFA na hazikupumzika. Ya tatu ilikuwa na Xbox 360 iliyochoka, na diski ya pekee ambayo haikukwama ilikuwa Halo: Reach. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu bila digrii, karo imenishinda, na nilipitisha miezi kadhaa mle ndani nikiwaambia watu wa nyumbani kwamba natafuta kazi.

Ubishi wetu ulikuwa mmoja kila jioni: kati ya Spartan wa kizazi cha pili na wa kizazi cha tatu, nani mkali? Kama hujawahi kucheza, ngoja nikupangie haraka. Halo ni dunia ya miaka mia tano ijayo, na Spartan ni askari walioongezwa nguvu maabarani. Kizazi cha kwanza, mradi wa ORION, kilikuwa majaribio tu: wanajeshi wa kawaida waliodungwa dawa, wakatumika, wakarudishwa kwenye vikosi vyao. Kizazi cha pili ndicho maarufu. Daktari Catherine Halsey alichukua watoto 75 wa miaka sita, akawaachia wazazi wao nakala za maabara ambazo ziliugua na kufa, kisha watoto wale wakafunzwa vita hadi wakafikisha miaka kumi na minne na kupasuliwa mifupa na misuli. 30 walikufa mezani na 12 wakalemaa. Waliobaki walivishwa deraya ambayo gharama yake inalingana na ya meli ya kivita. Kizazi cha tatu kikaja kwa sababu cha pili kilikuwa ghali mno. Safari hii jeshi lilichukua mayatima wa vita, mamia kwa mamia, likawapa deraya ya bei rahisi na kuwatuma kwenye misheni ambazo hakuna aliyetarajiwa kurudi. Kizazi cha nne ni watu wazima waliojitolea wenyewe baada ya vita.

Mimi nilikuwa timu Spartan-II. Kila mtu ni timu Spartan-II, kwa sababu ndiyo ya Master Chief. Kilichonigeuza si gemu. Ni susu yangu, mama yake mama, anayeishi Migwani, aliponiuliza siku moja hiyo michezo ninayolipia inahusu nini. Nikamweleza kwa Kikamba changu cha kuungaunga: kuna serikali, ina vita, inachukua vijana, inawafanya wawe askari kuliko watu wengine. Akacheka. "We kavisi," akasema, "huyo si ni umau tu?"

Baba yake alikuwa askari wa Keya. Hilo nililijua, maana picha yake ipo ukutani, kofia imeinamia sikio. Ambacho sikuwa nimewahi kujiuliza ni kwa nini. Kwa nini kila boma Kitui na Makueni lina picha ya namna hiyo? Ukiuliza mtaani utaambiwa, ah, Wakamba ni watu wa jeshi, iko kwa damu. Hata sisi wenyewe tunasema hivyo, tena kwa kifua.

Haiko kwa damu. Angalia karne ya kumi na tisa. Mkamba aliyejulikana hadi pwani wakati huo alikuwa mfanyabiashara. Kivoi wa Kitui aliongoza misafara ya pembe za ndovu kati ya bara na Mombasa, na ndiye aliyempokea mmishonari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, safari ambayo Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui. Mishale yenye sumu walikuwa nayo, na walijua kuitumia kwa tembo na kwa adui. Lakini Waingereza walipoanza kuunda majeshi yao huku, hawakumwona Mkamba kuwa askari. King's African Rifles, ambayo wazee wetu waliifupisha wakaiita Keya, iliundwa mwaka 1902, na maafisa wake walisifu Wasudani na watu wengine waliowaona wa vita. Mkamba kwao alikuwa mchuuzi.

Kwa hiyo kama ni damu, damu hiyo ilikuwa wapi 1902?

Kizazi chetu cha kwanza, ORION yetu, hakikupewa hata bunduki. Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914, gari na punda havikufua dafu mbele ya mbung'o na matope, kwa hiyo jeshi la Uingereza lilihitaji vichwa vya watu vya kubebea risasi na unga. Hicho ndicho Carrier Corps, Kariakoo. Mwaka 1917 serikali ilimteua John Ainsworth kusimamia ukusanyaji wa watu. Huyu Ainsworth aliijua Ukambani vizuri mno: aliwahi kuitawala akiwa Machakos tangu 1892, wakati ambapo wilaya hiyo ilijumuisha sehemu tunayoiita Makueni leo. Machifu walipewa idadi, vijana wakatolewa. Wanahistoria hukadiria kwamba wabebaji zaidi ya 40,000 kutoka Kenya walikufa, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, nimonia na chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea.

Kwenye Kenyatta Avenue, Nairobi, kuna sanamu tatu zilizowekwa 1928 kuwakumbuka wanajeshi na wabebaji hao. Maandishi yake yanaahidi kwamba mtu akifia nchi yake, watoto wake watalikumbuka jina lake. Nimesimama pale mara nyingi nikingoja matatu. Hakuna jina hata moja.

Walichobakiwa nacho waliorudi kilikuwa namba. Mfumo wa kuwaandikisha watu kwa alama za vidole ulienea baada ya vita ukawa kipande, kile kikasha cha chuma ambacho mwanamume Mwafrika alilazimika kukining'iniza shingoni kama kengele ya mbuzi. Wachezaji wa Halo wanajua Master Chief jina lake ni John-117, na hatujawahi kuambiwa ubini wake. Huwa tunaona ni kitu cha kuvutia.

Kuna mmoja tu wa kizazi hicho ambaye kazi yake naweza kuishika mkononi. Mutisya Munge, wa Wamunyu, alipokuwa Tanganyika wakati wa vita hivyo alijifunza kuchonga mbao, na aliporudi akaanza kuchonga nyumbani. Vile vinyago vya twiga na ndovu ambavyo watalii hununua kutoka Nairobi hadi Mombasa wakidhani ni utamaduni wa kale wa Wakamba vimetokana na mbebaji mmoja aliyerudi na kitu kingine zaidi ya malaria.

Sasa, katikati ya vita viwili, jambo fulani lilitokea. Kufikia miaka ya 1930 Wakamba walikuwa miongoni mwa makundi makubwa zaidi katika Keya na polisi, na maafisa wale wale waliokuwa wakiwaita wachuuzi wakaanza kuandika kwamba ni jamii ya kivita, watiifu, wavumilivu, wenye akili ya mitambo. Mwanahistoria Timothy Parsons, katika kitabu chake kuhusu askari wa kawaida wa Keya, The African Rank-and-File, ana maelezo ambayo yaliniumiza kidogo: jamii ilionekana ya kivita pale ambapo haikuwa na njia nyingine ya kupata pesa. Watu wenye shule nyingi au mazao ya kuuza walidharau mshahara wa jeshi, basi wakaitwa si wa vita. Waliobanwa walijiandikisha, wakasifiwa ushujaa.

Na nani alibanwa kama sisi? Ukambani miaka haina namba tu, ina majina ya njaa. Ngomanisye, ile ya mwisho wa karne ya kumi na tisa, iliyoenea kila mahali. Nikwa Ngwete ya 1984, wakati mtu alikufa njaa pesa akiwa nazo mkononi, kwa sababu dukani hakukuwa na cha kununua. Katikati ya hizo mbili kuna nyingine nyingi ambazo susu anazitaja kama mtu anayetaja watoto wake. Kodi ya kibanda ilidaiwa mvua inyeshe isinyeshe. Hapo ndipo nilipoielewa maabara ya Halsey. Sisi hatukupasuliwa mifupa. Kiangazi na kodi vilifanya kazi yote kabla afisa wa kuandikisha hajafika, naye akakuta vijana wakakamavu wanaotembea maili ishirini bila maji, akaandika kwenye ripoti kwamba wamezaliwa hivyo.

Lakini hapa nataka nipunguze mwendo, kwa sababu nilipomsomea susu aya hizo alikasirika. Alisema, "Unamfanya baba yangu ng'ombe wa kupelekwa." Na ana haki. Kuna hadithi moja inayomtetea, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Mwaka 1938 serikali iliamua kwamba Wakamba wa Machakos wana mifugo mingi kupita kiasi na ardhi inamomonyoka. Mmomonyoko ulikuwepo, hilo si uongo, ingawa ardhi nzuri ya jirani walikuwa wamepewa walowezi. Dawa ikawa kupunguza ng'ombe kwa nguvu: wanahesabiwa, wanatiwa chapa, wanaozidi wanauzwa kwa bei ya kutupa. Kwa bahati ya ajabu, kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kinafunguliwa Athi River wakati huo huo na kilihitaji ng'ombe wa bei rahisi.

Julai mwaka huo, maelfu ya watu wakiongozwa na Muindi Mbingu walifunga safari hadi Nairobi. Si wanaume peke yao, wanawake na watoto pia. Wakapiga kambi na kusema wanataka kuongea na gavana, Robert Brooke-Popham, ana kwa ana. Gavana akakataa, akawaambia warudi makwao kwanza. Hawakurudi. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu, watu wanapika, wanalala, wanangoja tu.

Jiulize kwa nini hawakutawanywa kwa risasi. Miaka kumi na sita kabla, 1922, umati uliokusanyika Nairobi kudai Harry Thuku aachiliwe ulipigwa risasi na watu wakafa. Wakati huu maafisa walikuwa na tatizo jipya: wale waliolala kwenye nyasi walikuwa baba, mama na wake wa askari. Ukiwapiga, utamtuma nani awapige, na huyo uliyemtuma atalala usingizi gani usiku ule kambini? Serikali ilikuwa na hofu waziwazi kuhusu utiifu wa Wakamba waliovaa sare yake. Mwanahistoria Myles Osborne, aliyeandika kitabu kizima kuhusu Wakamba na sifa hii ya kivita, anaonyesha jinsi Wakamba wenyewe walivyoijua thamani ya sifa hiyo na kuidai bei. Mnatuita watiifu? Sawa, utiifu una gharama yake.

Gavana akaishia kwenda Machakos kuonana nao. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu, mbali na watu wake. Lakini uuzaji wa nguvu ulikomeshwa kabla mwaka haujaisha. Leo barabara ya Muindi Mbingu inapita kando ya City Market, na ukipita pale utakuta watu wakila nyama choma bila kujua jina hilo lilitokana na ng'ombe.

Kwenye Halo hakuna tukio la namna hii. Spartan-II wanaambiwa walichofanyiwa na bado wanampenda Halsey kama mama. Hakuna mzazi hata mmoja anayekuja kulala mbele ya lango la jeshi kudai mwanawe. Waandishi wa gemu waliwaza mambo mengi, hata pete kubwa inayoua uhai wote wa galaksi, ila hili la jamaa za askari kuwa na sauti halikuwapitia akilini.

Mwaka mmoja baadaye vita vikaanza tena, na hapa ndipo kizazi cha umau kinapoingia. Wakenya wapatao 98,000 walivaa sare katika Vita Vikuu vya Pili, na Ukambani ilitoa zaidi ya fungu lake. Walipigana na Waitaliano Somalia na Ethiopia mwaka 1941, wakapelekwa Madagaska 1942, kisha Burma. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw wakati wa masika ya huko, matope yakifika magotini, ikiwafukuza Wajapani hadi mto Chindwin. Umau alikuwa dereva huko. Kuhusu Burma aliwahi kumwambia susu kitu kimoja tu, kwamba mvua ilinyesha siku nyingi mfululizo na yeye, mtoto wa Kitui, alilia kwa kuona maji mengi hivyo yakipotea bure.

Si wote waliofika. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo ikiwa na watu zaidi ya 1,500, wengi wao wapiga mizinga wa Kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga topido mbili. Ilizama kwa dakika chache. Meli za Uingereza zilizokuwa zikiilinda zikaanza kutupa mabomu ya kina kuisaka nyambizi, huku manusura wakielea juu ya maji hayo hayo. Walikufa watu 1,297. Kwenye Halo, kikosi cha Beta cha Spartan-III kinatumwa kwenye operesheni iliyoitwa TORPEDO, vijana 300, na wanarudi wawili. Najua jina limegongana kwa bahati tu. Lakini tangu nisome kuhusu Khedive Ismail sijaweza tena kusema Spartan-II ndio wakali. Spartan-II alikuwa na deraya. Vijana wa kizazi cha tatu walikuwa na wingi wao tu, na mtu fulani ofisini aliyekuwa amepiga hesabu kwamba wingi huo unatosha.

Kitu kingine ambacho gemu ilikisema wazi na shule yangu haikukisema: Spartan-II hawakuundwa kupigana na viumbe wa angani. Viumbe walikuwa bado hawajaja. Waliundwa kuzima maasi ya makoloni ya binadamu, na adui mgeni alipotokea ndipo wakageuka mashujaa. Keya nayo ilikuwa imewapiga Wagiriama mwaka 1914 kabla haijawa jeshi la kumkomboa mtu yeyote kutoka kwa Mussolini, na miaka ya 1950 ikarudishwa misituni dhidi ya Mau Mau. Waruhiu Itote, Jenerali China, alipigana Burma akiwa na sare moja na watu waliokuja kumwinda Mlima Kenya. Paul Ngei naye alipitia jeshini, kisha akafungwa pamoja na Kenyatta baada ya kesi ya Kapenguria. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Wakamba walikuwa watiifu, muulize ni Mkamba yupi.

Baada ya uhuru sifa ile ikawa ngazi. Joseph Ndolo akapewa uongozi wa jeshi 1966, kisha akalazimika kuondoka 1971 jina lake lilipotajwa kwenye njama ya mapinduzi. Jackson Mulinge, aliyeanzia Keya, ndiye alikuwa mkuu wa majeshi jaribio la Agosti 1982 lilipozimwa. Kati ya hapo marais walipunguza na kuongeza makabila jeshini kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi. Sehemu hii imeandikwa vya kutosha na watu wengine.

Sisi ndio kizazi cha nne, wa kujitolea. Binamu yangu wa Kathonzweni alinipigia simu, akaniomba nimsindikize Wote siku ya kuandikisha wanajeshi. Tulifika alfajiri tukakuta foleni tayari. Miaka kumi na minane hadi ishirini na sita, urefu usiopungua futi tano na inchi tatu. Wakakimbizwa. Wakavuliwa mashati, wakapimwa kifua, wakaambiwa wafungue mdomo meno yahesabiwe, wakatazamwa nyayo kama ni bapa. Nilisimama nje ya uzio na akina mama waliobeba bahasha za vyeti na chupa za maji. Mmoja alikuwa ameshika simu yenye picha ya kijana mwenye sare. Akaniambia ni mkubwa wake, yuko Somalia, na huyu wa leo ni mdogo. Sikumuuliza kama anakumbuka El Adde, Januari 2016, wakati majeneza yalirudi vijijini moja moja.

Nilitaka kumwambia binamu kila kitu nilichokisoma. Kwamba kujitolea kwetu kunafanana sana na kule kwa 1939: shamba limekauka, karo imekwama, na kuna mtu amesimama na futi mkononi. Lakini yeye ana mtoto mmoja na pikipiki ya mkopo, na mimi ni mtu aliyeacha chuo na ambaye analipwa kwa makala, inapolipwa. Ningemwambia afanye nini badala yake?

Nilimuuliza susu kama umau alijuta. Alifikiri kwa muda, akasema alinunua ng'ombe wanne kwa pesa ya Burma, akamsomesha kaka yake, na kila mvua kubwa ilipoanza alitoka nje kusimama ndani yake mpaka alowe, na hakuna aliyethubutu kumwita arudi ndani.

Binamu alitoka uwanjani saa tisa, jasho limekauka usoni. Walikuwa wamemwandika namba mkononi kwa kalamu ya wino mzito. Alininyooshea mkono niione, anacheka, akaniomba nimpige picha kabla haijafutika.